Shauri la Wamasai Mombasa, 1913



Mtu anunuapo kiwanja pande za Temeke au Kinondoni, twajua sote jinsi mambo yanavyokwenda. Muuzaji na mnunuzi hukaa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, karatasi ikaandikwa, mipaka ikatajwa: huku mwembe, huku njia, kule ukuta wa jirani. Fedha huhesabiwa. Mashahidi wa pande mbili hutia sahihi zao, na mzee asiyejua kuandika hupakwa wino akatia dole gumba. Mnunuzi huikunja karatasi ile akaiweka sandukuni pamoja na vyeti vya watoto, na tangu siku hiyo hujiona kuwa mwenye mali. Ikiwa muuzaji ni mwongo, akakiuza kiwanja kile kile kwa mtu wa pili, yule wa kwanza huitoa karatasi yake akaipeleka barazani. Haipeleki kwa sababu karatasi ina nguvu yenyewe, maana mara nyingi ni ukurasa tu uliochanwa katika daftari la mtoto wa shule. Huipeleka kwa sababu anaamini kwamba yuko mtu wa tatu, asiye ndugu wa huyu wala wa yule, atakayeisoma na kuwahoji mashahidi.

Basi na tuulize. Karatasi ikiwa imetiwa sahihi na Serikali yenyewe, kisha Serikali ikabadili nia, ni nani atakayekuwa mtu wa tatu? Na huyo mtu wa tatu akisema kwamba karatasi ni ya kweli, na alama zilizotiwa ni za kweli, lakini si karatasi ya namna isomwayo katika baraza hili, mwenye karatasi aende wapi? Swali hili hatukulibuni sisi. Liliulizwa Mombasa katika mwaka 1913, na walioliuliza walikuwa Wamasai.

Hapa Dar es Salaam twawaona vijana wa Kimasai kila siku, wakilinda malango ya watu usiku, na pengine mtu wa mjini hudhani kwamba mwenye fimbo na shuka hana habari na mawakili. Dhana hiyo ni ya ujinga. Watu wa kabila lao waliishtaki Serikali ya Kiingereza mbele ya majaji wa Kiingereza, kwa njia zote za sheria, wakati ambapo watu wengi wa nchi zetu walikuwa bado hawajajua kwamba jambo hilo lawezekana.

Tuanze na sababu. Katika miaka ya 1890 na kuendelea msiba juu ya msiba uliwaangukia Wamasai. Sotoka iliwaua ng'ombe zao, ndui ikawaua watu, njaa ikafuata. Mbatian, oloiboni wao mkuu, alikufa karibu na mwaka 1890, na wanawe wawili, Olonana na Sendeyo, wakagombea urithi wake. Sendeyo akawa upande wa nchi ya Wadachi, na Olonana akafanya urafiki na Waingereza. Waingereza nao walikuwa wakijenga reli. Walianza Mombasa katika mwaka 1896, na mwezi wa Desemba 1901 reli ikafika ukingoni mwa ziwa la Viktoria. Reli ile ilipita katikati ya Bonde la Ufa, penye majani mazuri na maji, yaani katikati ya malisho ya Wamasai. Gharama yake ilikuwa kubwa, na Serikali iliona kwamba haitalipika ila wakiletwa walowezi Wazungu kulima na kufuga kando yake. Katika mwaka 1902 ikatungwa sheria ya ardhi ya Mfalme, ili mashamba yaweze kutolewa kwa wageni.

Ikawa sasa wenyewe wapo, na wageni wanakuja. Mwezi wa Agosti 1904, Sir Donald Stewart, aliyekuwa mkuu wa Himaya ya Afrika ya Mashariki (ndiyo nchi iliyoitwa Kenya baadaye), alikutana na Olonana na wakuu wengine wa Wamasai, wakafanya mapatano kwa maandishi. Wamasai walikubali kuondoka katika Bonde la Ufa na kukaa katika sehemu mbili: moja kaskazini, katika nyanda za Laikipia, na moja kusini ya reli. Katikati ya sehemu hizo mbili iwepo njia ya kupitishia mifugo, upana wake nusu maili, ili ndugu wasitengane. Tena pakatengwa mahali pa maili mraba tano, kwenye mteremko wa Kinangop, kwa ajili ya jando na sherehe zao. Na Serikali kwa upande wake ilikubali neno moja kubwa: kwamba mapatano hayo yatadumu muda wote kabila la Wamasai litakapokuwapo duniani, na kwamba mlowezi hataruhusiwa kuchukua ardhi ndani ya sehemu zile.

Twaomba msikilizaji alishike neno hilo la muda. Halikuandikwa miaka kumi, wala hamsini, wala mia. Sisi watu wa pwani tunaouziana viwanja hatujapata kuona hati yenye muda mrefu kuliko huo.

Ulidumu miaka saba tu. Njia ile ya nusu maili haikufanya kazi iliyokusudiwa, na Laikipia yenyewe ikaanza kutamaniwa, kwa maana ilikuwa nchi nzuri. Gavana mpya, Sir Percy Girouard, alitaka Wamasai wote wakae kusini ya reli, katika nchi moja iliyopanuliwa kwa ajili yao. Olonana alifariki mwezi wa Machi 1911. Ilisemwa kwamba alipokuwa akikata roho aliwausia watu wake waitii Serikali na kuiacha Laikipia. Maneno ya mtu anayekufa ni mazito katika kila kabila, lakini wako waliouliza tangu siku zile kama maneno yale yalitoka katika kinywa chake au katika vinywa vya wenye haja nayo, na sisi twaona swali hilo lilikuwa la haki kuulizwa. Mwezi uliofuata, Aprili 1911, mapatano ya pili yakatiwa alama, na kwa mapatano hayo Wamasai wa kaskazini wakaandikwa kuwa wamekubali kuhama.

Lakini kaskazini alikuwako mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote katika Wamasai wa Purko, naye ni Ole Gilisho, ambaye Waingereza walimwandika Legalishu. Yeye hakuridhika na uhamisho. Hata hivyo watu walianza kusukumwa kuelekea kusini katika mwaka 1911. Mvua na baridi ya milima ya Mau ziliwakuta njiani, mifugo ikafa, safari ikasimamishwa. Girouard mwenyewe aliacha kazi katika mwaka 1912, baada ya kuhitilafiana na Wizara ya Makoloni huko London juu ya mashamba ya Laikipia ambayo walowezi walikwisha ahidiwa. Gavana akaondoka, lakini uhamisho ukarudiwa. Hesabu iliyotolewa ni kwamba watu wapatao 10,000 walihamishwa, pamoja na ng'ombe 175,000 na kondoo zaidi ya 1,000,000. Kufika mwaka 1913 Laikipia ilikuwa tayari kwa wenyeji wapya.

Hapo ndipo walipotafuta mawakili wa Kizungu mjini Mombasa. Alikuwako pia daktari mmoja wa Serikali, Norman Leys, aliyeona kwamba Wamasai wanadhulumiwa. Aliwasaidia na kuandika barua kwa wakubwa wa London, na malipo yake yalikuwa kuhamishiwa Nyasaland. Wadai waliandikishwa shaurini kwa jina la kijana mmoja mkuu wa wamorani wa Purko, Ole Nchoko, pamoja na wenzake. Mahakamani jina lake liliandikwa Ol le Njogo, na kosa hilo la tahajia ndilo lililobaki katika vitabu vya sheria mpaka leo. Mdaiwa alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Himaya, na pamoja naye wakaunganishwa Wamasai waliotia alama zao katika mapatano ya 1911.

Madai yenyewe yalikuwa mepesi kufahamika, hata kwa mwenyekiti wa mtaa wa Mbagala. Mapatano ya 1904, walisema, ni mkataba. Mkataba wa watu wawili hauvunjwi na mmoja. Mapatano ya 1911 hayatufungi, kwa kuwa waliotia alama hawakuwa na mamlaka ya kutusemea sisi wa kaskazini. Kwa hiyo Laikipia bado ni yetu, na ng'ombe waliokufa katika kuhamishwa wana fidia.

Sasa ninyi wanafunzi, fikirini mngelijibu nini kama mngelikuwa wakili wa Serikali. Mngeliweza kusema kwamba Olonana alikuwa na mamlaka juu ya Wamasai wote. Mngeliweza kuleta mashahidi wa kusema kwamba alama zilitiwa kwa hiari. Lakini njia hiyo ilikuwa na hatari zake, maana mashahidi huulizwa maswali, na maswali yangeligusa kitanda cha marehemu na mambo mengine yaliyotendeka kabla ya alama kutiwa. Serikali haikuchagua njia hiyo. Ilisema neno moja tu: mahakama hii haina uwezo wa kulisikiliza shauri hili.

Tarehe 26 Mei 1913 Mahakama Kuu ilikubaliana na Serikali, shauri likafutwa. Wamasai wakakata rufani. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki nayo ikasema vivyo hivyo. Hata shahidi mmoja hakuulizwa juu ya yale yaliyotendeka mwaka 1911.

Hoja ya majaji yapasa ielezwe polepole. Walisema kwamba Himaya ya Afrika ya Mashariki, yaani nchi ile ya bara, si sehemu ya milki ya Mfalme wa Uingereza. Ni nchi ngeni iliyo chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo Wamasai si raia wa Mfalme. Ni watu wa nchi nyingine waliolindwa, nao wangali wamebakiwa na sehemu ya enzi yao wenyewe. Watu wa namna hiyo wakipatana na Mfalme, walichokifanya si mkataba kama wa kununua ng'ombe au kupanga nyumba. Ni mapatano ya dola na dola. Na mapatano ya dola na dola, yakivunjwa, hayaletwi mbele ya jaji wa kawaida. Uvunjaji wake ni tendo la Dola, na matendo ya Dola huzungumzwa na wafalme na mabalozi, wala hayahukumiwi mahakamani.

Mtu akiisikia hoja hii mara ya kwanza aweza kudhani kwamba Wamasai walipewa heshima kubwa. Waliitwa taifa! Walipandishwa wakaketi sawa na Ufaransa na Ujeremani! Lakini taifa la Ufaransa likivunjiwa ahadi lina balozi, lina manowari, lina marafiki wa kulisemea. Wamasai walikuwa na nini? Walipandishwa juu mpaka mahali ambapo hapana mlango, kisha ngazi ikaondolewa. Na nchi ile ile iliyosemwa kuwa ngeni mbele ya jaji, haikuwa ngeni hata kidogo mbele ya karani wa ardhi aliyekuwa akiwagawia walowezi mashamba kwa sheria ya 1902, wala mbele ya mtoza kodi ya kibanda. Hapa tutasema wazi yaliyo moyoni mwetu: hatusemi kwamba majaji wale walihongwa, wala hatuoni kwamba walishindwa kuisoma sheria yao. Waliisoma vizuri. Ubaya wa jambo ni kwamba sheria yao ilikuwa imejengwa hivi, kwamba Serikali iliyotia sahihi yake ndiyo pia iliyokuwa na uwezo wa kusema karatasi ile ni ya namna gani.

Ili tuone kwamba mambo haya hayakuanzia Mombasa, na tuvuke bahari mpaka Marekani, miaka mia moja na zaidi kabla ya hapo, maana huko nako mahakama kubwa iliulizwa ahadi ya serikali ni kitu gani.

Katika mwaka 1795 baraza la kutunga sheria la jimbo la Georgia liliyauzia makampuni manne ardhi kubwa mno upande wa magharibi, ipatayo eka milioni 35, kwa dola 500,000. Hesabu hiyo ni kama senti moja na nusu kwa eka. Ikagunduliwa kwamba karibu kila mjumbe aliyepiga kura ya kuuza alikuwa na fungu lake katika makampuni yale. Wananchi wakachafuka. Uchaguzi ulipofika wakachagua wajumbe wengine, na hao katika mwaka 1796 wakaitangua sheria ya kuuza, wakaichoma moto hadharani. Lakini ardhi ilikuwa imekwisha uzwa mkono kwa mkono. Mtu mmoja, John Peck, akamwuzia mwenzake, Robert Fletcher, eka 15,000, na Fletcher akamshtaki kwamba amemwuzia kitu kisicho chake. Shauri likafika Mahakama Kuu ya Marekani, na katika mwaka 1810 Jaji Mkuu John Marshall akatoa hukumu ambayo wanasheria waisoma hata leo. Serikali ikiuza, alisema, imefanya mkataba, na Katiba ya Marekani yakataza jimbo kutunga sheria ya kuvunja mkataba. Hongo au si hongo, mnunuzi aliyenunua kwa nia safi hanyang'anywi.

Hukumu hii iliwafurahisha wafanya biashara, na kwa kweli ndani yake mna neno jema, kwamba serikali nayo yafungwa na sahihi yake kama mtu mwingine. Lakini tazameni ni nani hakuwamo katika chumba kile. Ardhi ile ilikuwa ikikaliwa na mataifa ya Wahindi Wekundu, ambao hakuna aliyewauliza. Peck alikuwa na wakili, Fletcher alikuwa na wakili, na wenye nchi hawakuwa na hata kiti.

Miaka 21 baadaye mmoja wa mataifa hayo, Wacheroki, waliingia wenyewe katika mahakama ile ile. Walikuwa na mapatano ya maandishi na serikali ya Marekani, na jimbo la Georgia lilikuwa likiwaondolea haki zao. Wakamwomba Marshall awalinde. Katika mwaka 1831 Marshall akajibu kwamba mahakama haiwezi kuwasikiliza, kwa maana Katiba yaruhusu taifa la kigeni kulishtaki jimbo, na Wacheroki si taifa la kigeni. Wao ni taifa lililo ndani, lenye kutegemea, mfano wa yatima mbele ya mlezi wake.

Ziwekeni hukumu hizi mbili pamoja, msikilizaji, ya 1831 na ya 1913. Wacheroki walikosa mlango kwa kuwa hawakuwa wageni wa kutosha. Wamasai walikosa mlango kwa kuwa walikuwa wageni kupita kiasi. Sababu ziligeuzwa juu chini, na watu wote wawili wakabaki nje. Mwaka uliofuata, 1832, Marshall alijirekebisha kiasi katika shauri la mmisionari Samuel Worcester, aliyefungwa gerezani kwa kukaa katika nchi ya Wacheroki bila kibali cha Georgia. Alisema sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ile. Sisi tuliosomeshwa na wamisioni twapenda kulitaja jina la bwana huyo, kwa kuwa aliwasaidia Wacheroki kupiga chapa gazeti lao kwa lugha yao wenyewe. Lakini hukumu ile njema haikuwaokoa. Katika mwaka 1838 askari waliwatoa majumbani mwao, watu wapatao 16,000, wakasukumwa kwenda magharibi, na yakadiriwa kwamba 4,000 hivi walikufa. Wacheroki katika baridi ya njia ile, Wamasai katika baridi ya Mau.

Turudi kwetu. Wamasai waliweza kufikiri juu ya rufani ya mwisho, kwenye Baraza la Mfalme London, lakini shauri halikufika huko. Himaya ikawa Koloni ya Kenya katika mwaka 1920, na sasa wenyeji hawakuweza tena kuitwa watu wa nchi ngeni. Je, mlango ukafunguka? La. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 na kuendelea, Jaji Mkuu wa Kenya, Sir Jacob Barth, aliamua katika shauri la Wakikuyu kwamba wenyeji ni wapangaji wa Mfalme katika ardhi yao, wakaao kwa radhi yake tu. Walipokuwa wageni hawakuweza kushtaki. Walipokuwa raia hawakuwa na kitu cha kushtakia.

Liko jambo jingine ambalo watu wa Dar es Salaam hupaswa kulijua. Miongoni mwa majaji watatu wa rufani ile ya 1913 alikuwamo Morris Carter, ambaye wakati huo alikuwa Jaji Mkuu wa Uganda. Bwana huyo ndiye aliyekuja mjini hapa katika mwaka 1920 kuwa Jaji Mkuu wa Tanganyika, akakaa mpaka 1924, na katika muda wake, mwaka 1923, ikatungwa sheria ya ardhi iliyoiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Baadaye, katika mwaka 1932, aliwekwa kuwa mkuu wa Tume ya Ardhi ya Kenya. Wamasai wakapeleka malalamiko yao mbele ya Tume, na aliyeketi kitini kuwasikiliza alikuwa yule yule. Laikipia haikurudi.

Upande wetu wa mpaka jambo hili lilikuwa na mwisho tofauti, ingawa ulichukua miaka 80. Nchi ilipopata uhuru tuliirithi desturi ya kale kwamba Serikali haishtakiwi ovyo. Sheria ya 1967 ilitaka mtu apate kwanza kibali cha Waziri kabla ya kuipeleka Serikali mahakamani, yaani mwenye kudaiwa ndiye atoaye ruhusa ya kudaiwa. Katika mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun na mwenzake juu ya Mwanasheria Mkuu, ilitamka kwamba sharti hilo ni kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Bunge likabadili sheria. Tangu hapo mwenye madai hutoa taarifa ya siku 90, kisha hufungua shauri lake. Jina la mdai yule mwalisikia wenyewe. Neno hilo Ole lilisomwa pia Mombasa katika 1913.

Kenya nako habari haikwisha. Katika mwaka 1962, viongozi walipokutana London kuitengeneza katiba ya Kenya huru, wajumbe wa Wamasai waliitaja tena Laikipia, wakaambiwa kwamba Uingereza haitabeba mzigo huo. Kisha ikaja Agosti 2004, miaka mia moja kamili tangu mapatano ya Stewart. Wamasai waliandamana, na wengine wakaingiza ng'ombe zao katika mashamba makubwa ya Laikipia, wakisema muda umekwisha, miaka mia imetimia, nchi irudishwe. Polisi wakatumwa, na mzee mmoja akauawa kwa risasi. Serikali ya Kenya ikajibu kwamba hati za wenye mashamba zingali na nguvu.

Wazee walioandamana walikuwa wameambiwa na baba zao kwamba ardhi iliazimwa kwa miaka mia. Hatuwacheki. Neno lililosikiwa kwa mkalimani, likapita katika vizazi vinne, hubadilika umbo. Lakini mwenye kuisoma karatasi ya 1904 hataiona miaka mia ndani yake, wala 99. Muda ulioandikwa mle ni ule tulioutaja mwanzo, wa kudumu maadamu kabila lipo. Na kabila lipo, hata hapa Kinondoni.